Beseni la Karanga na Mgambo wa Ushuru



Leo siandiki habari za Bunge wala Tume ya Uchaguzi. Naandika habari za beseni. Beseni la karanga za kukaanga, zimefungwa kwenye karatasi za daftari la zamani, liko kichwani kwa mtoto wa darasa la tano siku ya gulio.

Mimi ni mtoto wa Choma, wilaya ya Igunga, na beseni hilo nimelibeba. Mama alikaanga usiku, asubuhi mimi naenda kuuza. Hela yake ndiyo kalamu, ndiyo daftari, ndiyo mchango wa shule. Siku moja, kwenye gulio la jirani ambalo silitaji, mgambo akanisimamisha: "Ushuru wako uko wapi?" Nilikuwa na miaka 11 na sijauza hata kifungu kimoja. Akachukua beseni, akaniambia nikamlete mzazi na shilingi mia tano.

Niliporudi na mama tulikuta beseni tupu. Karanga zimeliwa. Mama akalipa, risiti hakupewa. Akaokota beseni lake, akasema, "Twende, mwanangu." Mama yangu si mtu wa kunyamaza, lakini siku ile alinyamaza. Mpaka leo naumia.

Miaka imepita. Sasa mgambo ana mashine ya kutolea risiti, lakini juzi tu nimeona mtoto anakimbia na ndoo ya maembe, mwanaume mzima anamfuata nyuma, na watu wanacheka. Jamani, kinachekesha nini hapo?

Sisi watu wa Tabora tunalijua jambo hili kwa jina lake la zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitozwa hongo na watemi wa njiani: nguo, shanga, waya. Yalikuwa malipo ya wazi ya kupita kwenye nchi ya mtu. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia hiyo akapigana na Waarabu wa Tabora, na ushuru wa njia ulikuwa sehemu ya ugomvi wao. Leo neno hilo hilo, hongo, maana yake ni rushwa. Ushuru usio na risiti ndiko unakoishia. Tena Mirambo aliwatoza matajiri wa pembe za ndovu. Huyu wetu anamtoza mtoto wa karanga!

Twende kwenye sheria, maana wakubwa wanapenda kusema "sheria ni sheria". Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile iliyowakimbiza baba zetu porini. Mwaka 2017 ikafuta ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Tani moja ni kilo 1,000. Najua ushuru wa gulio ni kitu kingine, lakini tazama mantiki: mwenye magunia anasamehewa, mwenye beseni la kilo tatu anakimbizwa. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, ili wasisumbuliwe. Mtoto wa miaka 11 angekipataje, na kitambulisho chenyewe kinazidi bei ya mtaji wake wote?

Sasa kuna hoja moja siwezi kuikwepa. Wapo wanaosema mtoto akae shule, asiwe gulioni. Nakubaliana nao kabisa kwa mtoto anayeuza saa nne asubuhi siku ya masomo, au anayetumwa usiku kwenye vilabu vya pombe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Aliye chini ya hapo anahitaji ulinzi zaidi. Lakini anayemlinda mtoto humuuliza: unasoma darasa la ngapi? Kwa nini hujaenda shule leo? Nyumbani mmekula? Haulizi mia tano iko wapi. Huwezi kumwambia mtoto hana umri wa kufanya biashara, halafu ukamtoza ushuru wa biashara hiyo hiyo. Chagua moja, bwana.

Na ni Serikali hii hii inayofundisha watoto ujasiriamali darasani. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa Tabora, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Mtoto akitoka darasani akajaribu kujitegemea, anakutana na mgambo mlangoni.

Makamanda, hili halisubiri uchaguzi mkuu. Sheria ndogo za kijiji zinapaswa kujadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Mtoto wa karanga hana kura pale. Sisi tunayo, ila wengi wetu siku ya mkutano tuko kijiweni.

Nendeni. Ombeni sheria ndogo isomwe mbele ya watu, neno kwa neno. Kama ushuru ni wa halmashauri, mbaneni diwani, naye aipeleke hoja kwenye baraza. Daini mambo matatu: mtoto mwenye beseni au ndoo asitozwe, bidhaa ya mtoto isinyang'anywe, na anayekusanya bila risiti aondolewe kazini. Mkiitwa wapinzani wa maendeleo, ulizeni mia tano za watoto zimejenga choo gani pale gulioni.

Mkutano ujao wa kijijini kwetu mimi nitakuwepo, na mama nitakwenda naye. Safari hii aongee.