Mgema Akisifiwa: Juu ya Majina Yanayouzwa katika Nyimbo



Imeingia desturi katika mikutano yetu ya kutafuta mafundisho ya uongozi bora ndani ya nyimbo za dunia. Mwongozaji huchagua wimbo unaopendwa, hutoa humo maneno mawili matatu juu ya upendo, umoja na bidii, kisha hutuambia kwamba kiongozi mwema ndivyo anavyopaswa kuwa. Zoezi hilo halina ubaya, ila linapita kando ya jambo lenyewe. Muziki wa nchi yetu unatufundisha uongozi kila siku bila mwongozaji, na somo lake kubwa halimo katika maneno ya hekima. Limo katika majina.

Nani kati yetu hajasikia? Gitaa linapopanda na watu wanapoinuka kucheza, mwimbaji huacha habari ya wimbo akaanza kutaja: mheshimiwa fulani, mkurugenzi fulani, jenerali fulani, mfanyabiashara fulani wa Lubumbashi au wa Bruxelles. Huko Kinshasa desturi hiyo huitwa mabanga, maana yake mawe. Kumtaja mtu ni kumtupia jiwe. Anayetupiwa hulipa, au hutazamiwa kulipa. Zipo nyimbo ambazo majina yamejaa hata msikilizaji hajui tena kama wimbo ulikuwa wa mapenzi, wa kilio au wa arusi.

Sisi wa Likasi tunajua mawe ya namna nyingine. Kijana wa hapa hushuka shimoni kuchimba jiwe lenye shaba na kobalti, hulibeba mgongoni, huliuza kwa bei asiyoipanga yeye. Jioni hucheza wimbo wenye mawe ya Kinshasa, akiyaimba majina ya wakubwa kwa moyo kana kwamba ni ya ndugu zake. Je, umewahi kusikia katika mabanga hata neno moja juu ya kazi aliyoifanya huyo anayetajwa? Daraja gani amelijenga, kisima gani amekichimba, mshahara wa mwalimu gani ameulipa kwa wakati? Hakuna. Lipo jina tu, na baada yake jina jingine. Hivyo ndivyo kijana anavyofundishwa kwamba uongozi ni kujulikana, na kwamba kujulikana hununuliwa.

Wengine watasema kwamba kutaja jina si kosa, nami nakubali. Mwaka 1960, wajumbe wetu walipokuwa Bruxelles kudai uhuru, Grand Kallé na African Jazz waliimba Indépendance Cha Cha. Wimbo ule umejaa majina ya watu na ya vyama, Conakat ya Katanga ikiwamo, na ndani yake Lumumba na Tshombe wamewekwa katika safu moja. Walitajwa pamoja kwa sababu ya kazi waliyokuwa wakiifanya pamoja mezani. Sifa ile ilikuwa pia dai: endeleeni hivyo. Hawakuendelea. Julai 1960 Katanga ilijitenga, na Januari 1961 mmoja wa hao wawili aliuawa hapa Katanga, chini ya serikali ya mwenzake. Wimbo haukuweza kuwazuia, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba wimbo uliwadanganya.

Linganisheni na yaliyofuata. Chini ya Mobutu, wanafunzi na wafanyakazi walipangwa kwa mistari kucheza na kumwimbia mkuu wa nchi, na hadi leo wazee wetu wakitaka kumcheka mtu anayejipendekeza kwa wakubwa husema kwamba anaimba djalelo. Mwanamuziki mkubwa kuliko wote wa enzi hiyo, Franco Luambo, anatufaa hapa kwa sababu alitembea njia zote mbili. Mwaka 1966, katika juma la Pentekoste, wanasiasa wanne walinyongwa hadharani Kinshasa. Mmoja wao, Évariste Kimba, alikuwa mwana wa Katanga. Franco akatoa Luvumbu Ndoki, wimbo uliosimama juu ya kisa cha zamani cha mchawi anayewala watu wake. Hakumtaja mtawala yeyote wa siku zile, na kila msikilizaji alielewa. Sahani zilinyang'anywa, naye akavuka mto kwenda Brazzaville. Miaka 18 baadaye, katika uchaguzi uliokuwa na mgombea mmoja tu, Franco huyohuyo alitoa Candidat na Biso Mobutu, na safari hiyo jina lilikuwa limekwisha kupanda hadi kwenye kichwa cha wimbo. Simhukumu, aliwahi kufungwa, na woga ni mwalimu mkali. Lakini mkiniuliza ni upi kati ya nyimbo hizo mbili unaofundisha uongozi, nitajibu kwamba ni ule usio na jina la kiongozi hata mmoja.

Wazee walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maana yake ni kwamba sifa inaharibu kazi ya anayesifiwa, kisha wanaoyanywa maji hayo ni walewale waliomsifu. Maandiko yanalo jambo hilohilo katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 18. Wanawake walitoka mijini na matari kuimba hesabu ya maadui waliouawa na Sauli na ya wale waliouawa na Daudi. Tangu siku hiyo Sauli alimwonea Daudi jicho baya, na mkuki ukarushwa ndani ya nyumba ya mfalme. Ufalme wa Sauli ulikuwa na matatizo mengine mengi, ila wimbo wa sifa ulifanya kazi yake pia.

Kuna jibu linalorudiwa kila mara: msanii naye ana tumbo. Ni kweli, na mji wetu unao mfano wake. Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alikuwa akipiga gitaa hapa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, wakati Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952. Masanga ukavuka mipaka, na vidole vya Mwenda vikaigwa na wapiga gitaa hadi Kenya. Huko Nairobi aliimba tangazo la dawa ya Aspro, akalipwa. Basi na yeye aliuza wimbo, mtasema. Aliuza tangazo, na aliyelisikia alijua kwamba ni tangazo, akaamua mwenyewe kama kichwa kinamuuma. Mabanga hayasemi kwamba yamelipiwa. Yanajivika sauti ya umati, ili anayesikia adhani kwamba nchi nzima inamshangilia mheshimiwa. Hapo ndipo ulipo uongo, na ndiyo sababu siwezi kuuita ufundi wa kutafuta riziki tu.

Sasa tutazame ziwa. Tshangalele ilizaliwa kwa bwawa la Mwadingusha juu ya Lufira, na mtambo wake wa umeme ulianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya migodi. Samaki wa Kapolowe wanalisha Likasi na kufika Lubumbashi. Lakini maji ya viwanda vya Shituru yameshuka kwa miaka mingi kwa mto Panda hadi ziwani, na matope ya ziwa yamebeba madini ambayo mwili wa mtu haukuumbwa kuyabeba. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walitangaza kwamba wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti kupita kiasi katika mkojo wao, na watoto kuliko watu wazima. Katika miaka yote hiyo nimesikia nyimbo nyingi zenye majina ya wakubwa wa Katanga. Wimbo mmoja unaouliza maji ya Panda yanasafishwa wapi, na nani aliyeahidi kuyasafisha, sijausikia. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Wenye ngoma wameivuta, na ziwa halina fedha ya kumtupia msanii.

Kiongozi naye hupimwa kwa wimbo. Mwaka 2017 Tanzania ilimkamata Nay wa Mitego kwa sababu ya Wapo, kisha akaachiliwa kwa neno la Rais Magufuli, ambaye alisema wimbo upigwe. Wengi walimsifu rais. Mimi naona kwamba ruhusa inayotoka katika hali ya moyo ya mtu mmoja yaweza kurudi humohumo. Kwetu mwaka 2021 tume ya udhibiti iliuzuia Nini Tosali Te wa kikundi MPR, kikundi cha vijana waliouliza kwa nini nchi iko jinsi ilivyo. Watu wakapiga kelele, na zuio likaondolewa. Funguo ile iligeuzwa na kelele ya watu, na hilo linanipa tumaini zaidi.

Nimeacha mwisho jambo lililo karibu kuliko yote, maana najua litawaudhi baadhi yenu. Mabanga yameingia katika korali zetu. Mheshimiwa anapokuja kwenye sikukuu ya parokia na vitenge, magoli ya chuma ya uwanja na makasha ya vinywaji, jina lake huingizwa katika kibwagizo, na wakati wa uchaguzi huingizwa mara tatu. Viongozi wa vijana husema: ni adabu, mgeni hushukuriwa. Mgeni ashukuriwe kwa maneno, amesimama, mbele ya watu, na kwa kutaja alicholeta na kile alichoahidi mwaka uliopita asikilete. Wimbo wa ibada aachiwe yule unaomhusu.

Wale wenye kipaji wasikae kimya basi. Karindula inajua kusimulia. Kamba nne na ngozi ya mbuzi zinatosha kwa hadithi ndefu, na Kiswahili chetu kinaeleweka kutoka Kasumbalesa hadi Kolwezi. Ubeti wa kwanza waweza kuanzia Shituru, ushuke na Panda, ufike Kapolowe asubuhi wavuvi wanapovuta nyavu, umuulize kila anayeomba kura kando ya maji hayo kama yuko tayari kuyanywa.