Reli ya Kamina na Bomu

Wapo wanaoandika kwamba filamu kama WarGames ya 1983, ambamo kompyuta inakaribia kufyatua makombora ya nyuklia, ni hadithi za Wazungu zisizomhusu mtu wa Kamina, Kongo. Hawajaitazama reli iliyo mbele yao!

Urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilichimbwa katika mgodi wa Shinkolobwe, Kongo, na sehemu yake ikapakiwa kwenye treni hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo. Njia hiyo inapita Kamina.

Na hofu iliyo katika filamu hiyo si ya kubuni. Septemba 1983 mitambo ya Kisovieti ilitangaza kwamba makombora matano ya Marekani yanakuja. Kumbe setilaiti zilidanganywa na mwanga wa jua. Ofisa wa zamu, Stanislav Petrov, alikataa kuiamini mitambo hiyo. Novemba 2024, mjini Lima, Rais Biden wa Marekani na Rais Xi wa China walikubaliana kwamba uamuzi wa kutumia silaha za nyuklia ubaki mikononi mwa binadamu. Kongo iliyotoa urani haikuulizwa.