Aliyefundishwa Kupanda Afundishwe na Kukata

Walimu na wazazi wangu wa Kitale na Bungoma,

Nawaandikia kutoka Joensuu, Ufini. Theluji imetufika magotini.

Juzi binti yangu wa miaka tisa alirudi kutoka msituni na wanadarasa wenzake, akaniuliza: "Baba, unajua kwa nini miti mingine hukatwa ikiwa bado myembamba?" Nikakisia, kuni. Akacheka. Kumbe miti ikisongamana hunyang'anyana mwanga. Ukitoa iliyo dhaifu, inayobaki hunenepa.

Mimi niliyekua nikiutazama Mlima Elgon kila asubuhi, somo la msitu nililopewa lilikuwa moja tu: ukikata mti, panda miwili. Kupanda tulipanda. Basi mzee wangu alipokwama kulipa karo, tukaangusha safu nzima ya misaipresi mpakani mwa shamba, tukangoja visiki vichipue kama vya mkaratusi. Msaipresi hauchipui. Visiki vikaoza, upepo ukapata njia hadi kwenye mahindi.

Mkaratusi nao una masharti yake. Kisiki kiachwe kifupi, kimo chake upana wa kiganja hivi, kikatwe mshazari maji yateremke, na gome lisichanike, maana chipukizi hutokea hapo. Zikitoka, bakisha mbili tatu zenye nguvu, nyingine zitoe. Somo hili ni la asubuhi moja tu.

Na si nyumbani kwetu tu. Kule Webuye, kiwanda cha karatasi kilikula miti miaka mingi hadi kikafungwa 2009. Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji katika misitu ya umma. Julai 2023 Rais Ruto akaiondoa. Sasa tunahimizwa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Vema. Lakini kati ya "kata" na "usikate", sijasikia mtoto akiambiwa "kata hivi".

Naomba hivi: mwiteni afisa wa misitu na fundi wa msumeno shuleni. Msumeno waachieni wakubwa; watoto wapeni chaki. Wapelekeni kwenye msitu ulio nyuma ya makumbusho ya Kitale wakaijue miti kwa majina, kisha kwenye shamba lolote la miti, waweke alama upi utoke na upi ubaki.

Nikija Desemba, mpwa wangu anitembeze kwenye miche tuliyoipanda upya mpakani, chaki mkononi. Nitamuuliza sababu ya kila alama.

Wenu,
Mwana wa Kitale