Ndoo Ndiyo Inayoua Maua ya Dodoma

KUTOKA MAKAO MAKUU
Na Esta Chilongani

Wanaohamia Dodoma wakitokea Pwani huja na malalamiko yaleyale: jua kali, upepo wa vumbi, maua hayashiki. Jua na vumbi sibishi. Kwenye maua, mji unasingiziwa. Mmea wa nyoka, ule wa majani marefu yaliyosimama wima yenye mabaka ya kijani, hapa kwetu unauawa na maji.

Huu unaouzwa na wauza miche, wenye kingo za njano, asili yake ni Afrika Magharibi. Lakini ndugu zake, tunaowaita mkonge pori, wamo vichakani humuhumu Tanzania, na Bonde la Oldupai kule Ngorongoro limepewa jina la mmojawao. Ni jamii iliyozoea ukame, na Dodoma ukame upo: mvua huanza Desemba na kukata Aprili, na mwaka mzima huwa ni milimita 500 hadi 600 tu. Mmea huu huweka akiba ya maji majanini, na vitundu vyake vya kupumulia huvifungua usiku ili jua lisiunyang'anye akiba hiyo.

Sasa uweke ofisini. Asubuhi mhudumu anaumwagilia, mchana katibu muhtasi, na mgeni akiaga anaumiminia maji yaliyobaki chupani. Jani likiinama wanasema una kiu, wanaongeza. Livute jani hilo: linang'oka bila ubishi, chini linateleza kama mlenda na linanuka. Mizizi imeshaoza. Wenye kiu ya kweli jani lake hufanya mikunjo ya urefu, na halinuki.

Chombo kiwe na matundu chini. Udongo uchanganywe na mchanga wa korongoni, nusu kwa nusu. Chomeka kidole, ukikuta unyevu, ondoka. Kila baada ya wiki mbili au tatu yatosha, na baridi ya Juni na Julai hata mwezi. Vumbi likitanda, pangusa majani kwa kitambaa chenye unyevu. Ukitaka kuuzalisha, gawanya shina la chini ya udongo. Ukipanda kipande cha jani, kingo za njano hazitarudi, utapata kijani kitupu. Mtoto asiutafune, unatapisha.

Muuzaji akikwambia unasafisha hewa, tabasamu. Habari hiyo ilivuma kutokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya vyumba vilivyozibwa. Mwaka 2019 watafiti waliopitia tafiti za aina hiyo walikadiria kuwa ingetakiwa mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi ya hewa inayoingia na kutoka jengoni. Nunua mmea kwa uzuri wake, hewa fungua dirisha.

Ugomvi wangu ni na ndoo. Mji huu unategemea visima vya Makutupora, na mgawo wa maji si mgeni mitaani. Tangu kampeni ya kuikijanisha Dodoma izinduliwe mwaka 2017, miche imepandwa mbele ya nyumba na ofisi nyingi. Pita Septemba uone inavyohangaika. Maji yanayoozesha mizizi sebuleni ndiyo ambayo mwarobaini mchanga hapo nje unayasubiri ili uvuke kiangazi chake cha kwanza. Ndoo itoke nje.