Nani Atashika Zamu ya Mama?

Yamkini unausoma ukurasa huu ukiwa mapumzikoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila juma na likizo ya siku 28 kwa mwaka, wala hakuna amwitaye mvivu kwa kuzichukua. Leo tumfikirie mzazi asiye na Jumapili: mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo au ulemavu mzito wa akili, ambaye humlisha, humwogesha na kumgeuza kitandani akiwa na miaka 2, na bado hufanya hivyo mtoto afikapo miaka 20.

Twende Ufipa. Katika uwanda wa Sumbawanga, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua za Novemba zikianza kila mwenye nguvu hutakiwa shambani. Kilimo cha asili cha Wafipa ni cha jembe na mgongo: kufukia majani katika matuta makubwa yaitwayo intumba, kisha mahindi, maharage na ulezi. Mtoto mchanga hubebwa mgongoni. Wa miaka 10 asiyeweza kukaa habebeki. Mama akibaki nyumbani, njaa. Akimfungia ndani, majirani humwita katili, na huenda wasemaji hao hawajapata hata siku moja kukaa na mtoto yule. Ifikapo Juni na Julai, baridi inapokaza na moto kuwashwa ndani, hatari huzidi: mtoto mwenye kifafa akiachwa peke yake karibu na mafiga aweza kuangukia makaa.

Kwa kweli, katika nyumba nyingi mlezi wa zamu tayari yupo. Ni dada yake mtoto, ambaye angepaswa kuwa darasa la nne. Hakufunzwa, halipwi, na jina lake likiitwa shuleni haitiki mtu. Tunapoulizana kama tunao uwezo wa kugharimia walezi wa zamu, tukumbuke kwamba gharama hiyo inalipwa hivi sasa, na mlipaji ni yeye.

Sheria Na. 3 ya mwaka 1982 ya matunzo ya watu wenye ulemavu iligawa wajibu huo kati ya familia, serikali za mitaa na serikali kuu. Nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, iliyoweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Basi, uwe Katandala, Chanji au Izia, iulize kamati ya mtaa wako: nani atampokea mama huyu kwa muda wa saa 4 tu kila juma?

Huko Uingereza, kanuni za mwaka 2011 zinazitaka halmashauri ziwape walezi wa watoto wenye ulemavu nafasi ya kupumzika, mchana na hata usiku. Karibu nasi, Kilifi nchini Kenya, walezi waliunda vikundi vya kujisaidia. Njia hiyo tunaiweza. Lakini sipendi tuishie hapo, maana ni kumtwisha mama aliyechoka mtoto wa mwenzake aliyechoka. Apatikane mtu aliyefunzwa na kulipwa, hata kwa debe la mahindi wakati wa mavuno.

Kazi hii ina ufundi wake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hulishwa akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko baada ya kijiko. Akilishwa chali, chakula chaweza kuingia mapafuni. Kifafa kikimshika, alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani, na kikipita dakika 5 apelekwe hospitali upesi. Mlezi naye awe mtu anayefahamika vyema, kwa kuwa mtoto asiyeweza kusema hawezi kushitaki.

Nanyi akina baba, zamu ya jioni haihitaji kamati.

Mwanzoni mama mwenyewe atakataa. Atasema mwanawe hali kwa mkono wa mwingine. Asilaumiwe. Mlezi akae naye siku kadhaa, ajifunze ishara za njaa, za maumivu na za furaha. Kisha mama aende gulioni tu, na arudipo baada ya saa moja akute mtoto ameshiba.