Kutaahari si Kuchelewa

Lugha yetu haikosi maneno ya kumsema mtu asiyefika kwa wakati. Tuna kuchelewa, tuna kukawia, tuna kulimatia wasemavyo wengi wa Lamu na Mvita, na tuna kutaahari tuliloazima kwa Waarabu. Watu huyatumia kana kwamba ni neno moja. Mimi nasema si moja, na tofauti yake ilipata kuwa jambo kubwa katika magazeti ya Kiislamu ya zamani.

Tuanze na la kwetu. Kuchelewa limetoka katika kucha, yaani kupambazuka. Aliyechelewa ni mtu aliyekutwa na mapambazuko: kumekucha naye angali kitandani, au wenzake wameshatweka tanga na chombo chake kingali kimetia nanga. Litazameni umbo la neno hilo. Ni la kutendewa. Asubuhi ndiyo iliyotenda, yeye ametendwa tu.

Kutaahari ni kinyume chake. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa kuahirisha, na ndilo lililo katika neno ahera, maisha ya mwisho. Lakini umbo la taakhara katika Kiarabu ni la mtu kujitendea: amejiweka nyuma mwenyewe. Hapa hakuna alfajiri ya kusingiziwa.

Neno hilo la kila siku, aambiwalo mtoto aliyekawia kurudi kutoka dukani, ndilo lililoingia gazetini kueleza hali ya umma mzima. Sheikh Muhammad Basyuni Imran wa Sambas, katika kisiwa cha Borneo, aliliandikia jarida la Al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Sheikh Rashid Rida. Aliuliza: kwa nini Waislamu wametaahari, na wengine wametakadamu? Rida alimpelekea swali hilo Amir Shakib Arslan, mwandishi wa Lebanon aliyekuwa akiishi Uswisi. Jibu lake lilichapishwa katika jarida, kisha likawa kitabu mwaka 1930, na swali lenyewe ndilo lililokuwa jina la kitabu.

Wakati huo Waislamu wengi walikuwa chini ya Waingereza, Wafaransa na Waholanzi, na watawala walikuwa na maneno yao ya kuwaita waliowatawala: duni, washenzi, watu wasiostaarabika. Muulizaji hakuyashika hayo. Alishika neno la msafiri. Aliye duni kwa maumbile hana dawa. Aliyetaahari yumo katika njia ile ile wanayopita wenzake, na akikaza mwendo atawafikia. Basi neno hilo lina faraja ndani yake, lakini faraja hiyo haiji bila ya lawama. Kurani Tukufu nayo, katika Sura Al-Muddathir, aya ya 37, imeyataja maneno hayo mawili pamoja, kutakadamu na kutaahari, na ikayaunganisha na kutaka kwake mtu mwenyewe.

Al-Manar lilifika hata Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa miongoni mwa wasomaji wake, naye akaanzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, miaka michache kabla ya kuwa Kadhi Mkuu. Humo aliwahimiza watu wa pwani washike elimu ya dini na ya dunia, wala hakuwabembeleza kwa visingizio.

Leo nifunguapo gazeti nasoma kwamba mradi umechelewa, kesi imeahirishwa, mishahara imecheleweshwa. Nani aliyefanya? Habari haisemi. Tumezoea lugha isiyo na mtendaji, kana kwamba kila jambo limekutwa na mapambazuko tu.

Nasi wa pwani hatuna budi kuchagua maneno yetu kwa uadilifu. Yako mambo ambayo tulicheleweshwa. Hati za ardhi ni mojawapo: kuna familia zilizolima na kuzika wazee wao mahali pamoja vizazi kwa vizazi bila ya karatasi mkononi. Hapo isemwe wazi kuwa walicheleweshwa, na aliyewachelewesha atajwe. Lakini yako pia tuliyoyataahari wenyewe. Mtoto anayeachwa azurure ufuoni siku za shule hakucheleweshwa na serikali ya mkoloni. Binti aliyekatizwa masomo ili aolewe hakukutwa na alfajiri. Kuna waliokaa kitako wakakata shauri.

Maoni yangu ni haya: kila tunapolalamika kuwa tumebaki nyuma, tuulizane kwanza kama tumecheleweshwa au tumetaahari. Likiwa la kwanza, tudai haki yetu. Likiwa la pili, hakuna wa kumdai ila nafsi zetu, na deni hilo tuanze kulilipa leo.