Kiwanda cha mafuta Kabaale: Thamani ya kila pipa itategemea vichocheo

Makubaliano ya utekelezaji wa mradi wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kabaale, Hoima nchini Uganda, yaliyotiwa saini Machi 2025, yamerejesha Afrika Mashariki katika mjadala. Mjadala huo unahusu iwapo ukanda huu unaweza kusafisha mafuta yake wenyewe kwa faida. Mradi huo unatekelezwa na Serikali ya Uganda pamoja na kampuni ya Alpha MBM Investments ya Umoja wa Falme za Kiarabu, huku Kampuni ya Taifa ya Mafuta ya Uganda, UNOC, ikiwa na hisa za asilimia 40.

Takwimu inayotajwa zaidi katika taarifa za mradi ni uwezo wa kiwanda wa kusafisha mapipa 60,000 kwa siku, sawa na takribani lita milioni 9.5. Takwimu hiyo inaonesha kiasi cha mafuta ghafi kitakachoingia. Faida ya kiwanda, bei ya bidhaa zake na usafi wa hewa katika miji itakakouzwa petroli na dizeli yake hutegemea kinachotoka, na jambo hilo huamuliwa kwa sehemu kubwa na vichocheo, yaani kemikali zinazoharakisha mabadiliko ya mafuta bila zenyewe kutumika katika mabadiliko hayo.

Kutenganisha na kubadilisha

Mafuta ghafi yanapofika kiwandani hupashwa moto na kuingizwa katika mnara mrefu. Sehemu nyepesi hupanda juu zikiwa mvuke, za kati huchukuliwa kama mafuta ya taa na dizeli, na zilizo nzito hubaki chini. Hatua hiyo hutenganisha tu kilichokuwamo tayari ndani ya pipa. Soko linapohitaji petroli na dizeli kuliko mabaki mazito, mnara peke yake hauwezi kubadilisha uwiano huo.

Mabadiliko hayo huletwa na vichocheo. Mhandisi wa Ufaransa, Eugène Houdry, ndiye aliyefanikisha uvunjaji wa mafuta mazito kwa kichocheo katika kiwango cha biashara nchini Marekani mwaka 1937. Mwaka 1942 mtambo wa kwanza unaotumia kichocheo cha unga ulianza kazi Baton Rouge, Louisiana. Katika mtambo wa aina hiyo, unga wa madini uitwao zeolaiti hukutana na mafuta mazito katika joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, na kwa sekunde chache molekuli kubwa huvunjika kuwa petroli, gesi ya kupikia na propilini, ambayo ni malighafi ya plastiki. Unga huo hufunikwa na masizi ya kaboni, hupelekwa katika chumba cha pili ambako masizi huchomwa, kisha hurudishwa kazini.

Kazi nyingine mbili pia hutegemea vichocheo. Platinamu hubadilisha sehemu nyepesi za mafuta kuwa petroli yenye okteni ya juu inayofaa injini za kisasa. Kobalti na molibdenamu, kwa msaada wa gesi ya haidrojeni, huondoa salfa katika dizeli. Upatikanaji wa okteni bila kuongeza risasi ni miongoni mwa mambo yaliyowezesha nchi za Afrika Kusini mwa Sahara kuachana na petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, hatua iliyowakinga watoto dhidi ya sumu inayodhuru ubongo.

Funzo la Changamwe, Kigamboni na Ndola

Ukanda huu una historia ya kutosha ya kujifunza. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilisitisha usafishaji mwaka 2013. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni, Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1966, kilisitisha kazi hiyo mwaka 1999 na sasa ni ghala la kuhifadhi mafuta. Kiwanda cha Indeni cha Ndola, Zambia, kilichopokea mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia bomba la TAZAMA, kilisimama Desemba 2021, na baadaye bomba hilo likabadilishwa ili lisafirishe dizeli.

Sababu za kusimama kwa viwanda hivyo zilitofautiana, zikiwamo mabadiliko ya soko, gharama za umeme na mitaji. Hata hivyo, Changamwe inaonesha wazi gharama ya kukosa mtambo wa kuvunja mabaki mazito. Sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka ikiwa mafuta mazito ya bei ya chini, wakati viwanda vya Ghuba na India vilikuwa vikiyageuza mabaki kama hayo kuwa petroli na dizeli. Mpango wa kukiboresha kiwanda hicho ulichunguzwa na wawekezaji wakaona haulipi. Wakati kikiendelea kufanya kazi, kampuni za mafuta nchini Kenya zilitakiwa kusafishia humo sehemu ya mafuta yao, na tofauti ya gharama ilimfikia mnunuzi wa mwisho.

Kwa nini Hoima ina uzito zaidi

Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na salfa kidogo. Nta hiyo huyafanya yagande katika joto la kawaida, na ndiyo sababu bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto njia nzima. Kwa kichocheo cha kuvunja, nta ni malighafi nzuri kwa kuwa huvunjika kwa urahisi. Salfa kidogo nayo hupunguza mzigo wa mitambo ya kusafisha dizeli. Kwa upande mwingine, sehemu nyepesi za mafuta yenye nta huwa na okteni ndogo, hivyo kiwanda hakitakwepa gharama ya kichocheo cha platinamu.

Jiografia huongeza uzito wa suala hili. Kiwanda kilichopo pwani kinaweza kuuza mabaki mazito kwa meli, ingawa tangu Januari 2020 ukomo wa salfa katika mafuta ya meli umeshuka kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Hoima iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini, na bomba la bidhaa linalokusudiwa kwenda Kampala halibebi mabaki mazito. Kwa mfano wa hesabu, iwapo theluthi moja ya kila pipa itabaki kuwa mabaki, mapipa 20,000 yatahitaji soko la karibu au malori kila siku.

Gharama isiyoonekana

Kichocheo huchakaa. Nikeli, vanadiamu na sodiamu zilizomo katika mafuta hukidhoofisha, na mtambo mkubwa wa kuvunja huweza kuhitaji tani kadhaa za unga mpya kila siku. Unga huo hununuliwa kwa fedha za kigeni kutoka kwa watengenezaji wachache duniani. Kilichochakaa nacho kina metali zinazohitaji kuhifadhiwa kwa uangalifu au kurejeshwa ili kuuzwa, na kikitupwa ovyo kinaweza kuchafua udongo na maji.

Kaolini, mojawapo ya malighafi za unga huo, inapatikana katika vilima vya Pugu, Kisarawe mkoani Pwani. Kuwa na udongo huo peke yake hakutoshi. Kuugeuza kuwa kichocheo kunahitaji wakemia, maabara na mnunuzi wa uhakika, na kiwanda kinachofanya kazi jirani ndicho kinachoweza kuzipa taasisi za utafiti sababu ya kuanza.

Kwa mwananchi anayefuatilia taarifa za mradi huu, yapo mambo manne ya kuangalia kila tangazo linapotolewa: asilimia ya pipa itakayobaki kuwa mafuta mazito, kiwango cha salfa katika dizeli ikilinganishwa na ukomo wa Afrika Mashariki, masharti ya ununuzi wa vichocheo, na mpango wa kushughulikia vilivyochakaa. Majibu ya maswali hayo yanapaswa kujulikana kabla ujenzi haujafika mbali, kwa kuwa kuongeza mtambo wa kuvunja katika kiwanda kilichokwisha kujengwa ni kazi ngumu na ghali, kama wawekezaji wa Changamwe walivyobaini.